Hati ya Hakimu: Jinsi Watu wa Embu na Meru Walivyozuiliwa Pasipo Hukumu, na Jinsi Habari Zao Zilivyofika Ng'ambo

Mtu asafiriye kutoka mji wa Meru kwenda Maua hupita Kangeta, katika vilima vya Nyambene, ambako mashamba ya miraa yamezunguka kila nyumba. Huko Kangeta pana gereza la serikali. Mtu aletwaye katika gereza hilo, awe mwizi wa ng'ombe au mtu aliyeshindwa kulipa faini, huja pamoja na hati iliyotiwa sahihi na hakimu. Hati hiyo yaeleza jina lake, kosa lake, na muda atakaokaa. Na ikiwa bado hajahukumiwa, yaeleza siku atakayorudishwa mahakamani. Mkuu wa gereza hana ruhusa kumpokea mtu asiye na hati, wala kumweka hata siku moja baada ya muda wake kwisha.

Jambo hili laonekana dogo, na wengi hulipita pasipo kulifikiri. Lakini walikuwako wazee wengi, Embu na Meru, waliokaa ndani ya seng'enge miaka mitatu, minne, hata sita, na katika miaka hiyo yote hawakumwona hakimu hata siku moja. Hawakuwa wafungwa kwa maana ya sheria. Walikuwa watu waliozuiliwa, na neno hilo lilikuwa na maana yake.

Tunaeleza habari hii kwa sababu siku hizi wasomaji husikia katika redio mara kwa mara kwamba Umoja wa Mataifa, au nchi fulani ya Ulaya, au chama fulani cha kutetea haki za watu, kimeeleza wasiwasi juu ya uhuru wa raia katika nchi fulani ya Afrika. Wengine hufurahi. Wengine huuliza kwa hasira, Je, watu hao wa mbali yawahusu nini mambo ya nyumba ya mwingine? Swali hilo si la kijinga, na yafaa lijibiwe kwa mambo yaliyotokea hapa hapa kwetu, wala si kwa maneno matupu.

AMRI YA KUZUIA

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wa Kenya, Sir Evelyn Baring, alitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari kwa ajili ya Mau Mau. Usiku ule ule Bw. Jomo Kenyatta na watu wengi wengine walikamatwa. Kenyatta na wenzake watano walipelekwa Kapenguria, na mwezi wa Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kazi ngumu. Watu wengi wamesema kwamba kesi ile haikuwa ya haki, na sababu zao ni nzito. Hata hivyo ilikuwa kesi. Palikuwa na mashitaka, palikuwa na mawakili, palikuwa na waandishi wa magazeti, na kila neno liliandikwa.

Maelfu waliofuata hawakupata hata hayo. Chini ya sheria za Hali ya Hatari Gavana aliweza kutoa amri ya kumzuia mtu kwa kutia sahihi tu, pasipo kumshitaki wala kumpeleka mahakamani. Kwa kuwa watu waliokamatwa walikuwa wengi mno, mamlaka hayo yakashushwa chini, hata maofisa wa wilaya wakawa na uwezo wa kutia sahihi amri hizo. Amri haikutaja kosa lililothibitishwa, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kulithibitisha. Wala haikutaja siku ya kutoka. Mtu aliyefungwa miaka miwili huhesabu siku zake, na siku moja hesabu hutimia. Mtu aliyezuiliwa hana la kuhesabu. Ilikuwako kamati ya kusikiliza maombi ya waliozuiliwa kwa amri ya Gavana, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu.

Waliozuiliwa waligawanywa kwa rangi: "weupe" walioonekana kuwa hawana hatari, "kijivu" waliotiliwa shaka, na "weusi" waliohesabiwa kuwa wagumu. Mtu aliweza kuhamishwa kutoka kambi hata kambi, akipanda au kushuka katika rangi hizo, kwa kadiri alivyokiri kiapo chake mbele ya maofisa. Kukiri ndiko kulikofungua mlango. Na hapa ndipo msomaji anapaswa kutazama vizuri, kwa maana ikiwa njia ya kutoka ni kukiri, mtu ambaye hakula kiapo hana la kukiri, naye ataonekana kuwa mgumu kuliko wote. Hakimu angeuliza, Ushahidi uko wapi? Katika kambi hapakuwa na mtu wa kuuliza hivyo.

Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi na kuwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru, mtu kwa mtu. Maelfu kwa maelfu walipakiwa katika magari na kupelekwa Manyani, Mackinnon Road na Langata. Mwezi wa Desemba mwaka huo hesabu za serikali yenyewe zilionyesha watu zaidi ya 70,000 walio kizuizini.

Hatusemi kwamba hapakuwa na vita. Vilikuwako, navyo vilikuwa vikali. Waafrika zaidi ya 1,800 wasio askari waliuawa na Mau Mau kwa hesabu ya serikali, na wengi wa hao walikuwa majirani na hata ndugu wa waliowaua. Kwa upande wa pili, watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, mbali na maelfu waliouawa msituni. Serikali yoyote katika hali kama hiyo ingetafuta nguvu zaidi. Swali tunalolitazama hapa ni lingine: nguvu hizo zilipokwisha kutolewa, ni nani aliyekuwa akizichungua?

KIBALI CHA KUTOKA NYUMBANI

Si lazima mtu awe ndani ya kambi ndipo apotewe na uhuru wake. Watu wa makabila hayo matatu walitakiwa kuwa na vibali vya kusafiri. Mmeru mwenye biashara nje ya wilaya yake, au mwenye mtoto mgonjwa Nairobi, hakuweza kuondoka mpaka apate karatasi kutoka kwa wakubwa. Na asipoipata, biashara ilikufa na mtoto akaugua peke yake. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu wa Ukikuyu na Embu waliamriwa kubomoa nyumba zao zilizotawanyika vilimani na kujenga katika vijiji vilivyozungukwa na handaki na vigingi, chini ya ulinzi wa homgadi. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa hivyo katika muda wa miezi kumi na minane hivi. Saa za kutoka kwenda shamba na saa za kurudi ziliwekwa na wengine. Wanawake walichimba handaki hizo kwa mikono yao.

Uhuru wa watu kujiamulia mambo yao wenyewe nao ulikatwa. Chama cha Kenya African Union kilipigwa marufuku Juni 1953. Vyama vya wilaya viliporuhusiwa tena mwaka 1955, Jimbo la Kati halikupewa ruhusa hiyo. Huko pangekuwa na baraza la washauri tu, la watu walioitwa waaminifu. Kisha ukaja uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika, Machi 1957. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kupiga kura ila awe na cheti cha uaminifu kilichotolewa na maofisa wa serikali.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kwa kuwa vyeti vilitolewa kwa wingi zaidi Meru kuliko Ukikuyu, kura za Wameru zikawa nyingi, na Bw. Bernard Mate, mwalimu wa Meru, akamshinda Bw. Eliud Mathu, ambaye ndiye Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1944. Labda waliotoa vyeti walitazamia mjumbe mpole. Lakini Bw. Mate alipofika Nairobi aliungana na wenzake saba, akina Mboya, Odinga, Ngala, Muliro na Moi, wakakataa katiba iliyokuwapo na kudai Hali ya Hatari iondolewe.

MAMBO YA MWEA

Leo mchele wa Mwea wajulikana katika kila duka la Kenya. Mifereji ya kwanza ya mashamba yale ilichimbwa wakati wa Hali ya Hatari, na wengi wa waliochimba walikuwa watu waliozuiliwa. Mwea wakati ule ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Siku hizi imo katika Kaunti ya Kirinyaga. Zilikuwako kambi kadha huko, miongoni mwake Thiba, Gathigiriri na Kandongu.

Mwaka 1957 serikali ilitaka kuzimaliza kambi, kwa sababu gharama yake ilikuwa kubwa na maneno yalikuwa yakizidi London. Wagumu wa Manyani wakaletwa Mwea kwa makundi madogo. Waliposhuka waliamriwa kuvua nguo zao, kuvaa za kambi na kunyolewa. Aliyekataa alishikwa na kutiishwa kwa nguvu. Ofisa aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Bw. Terence Gavaghan. Mwezi wa Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Bw. Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana kueleza mambo hayo. Alieleza kwa uangalifu ni sehemu zipi za mwili zisipigwe. Akaongeza kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi hawana budi kuitenda kimya kimya.

Mtu aliyesoma sheria hadi kuwa Mwanasheria Mkuu hakosi kujua maana ya neno "dhambi." Hakuandika kwamba jambo lile ni halali. Aliandika kwamba lisisikike.

BARUA

Lakini lilisikika, na ni vizuri tujue lilivyosikika. Watu wengi hudhani kwamba wageni wa ng'ambo ndio walioanza kupiga kelele. Sivyo. Waliozuiliwa wenyewe ndio walioanza, kwa barua.

Kupeleka barua nje ya kambi pasipo ruhusa ilikuwa kosa lenye adhabu. Hata hivyo waliandika, juu ya karatasi yoyote waliyoipata, kwa Kiingereza cha shule za misheni na kwa Kiswahili, wakazitorosha kwa askari mwenye huruma au kwa mtu aliyekuwa akifunguliwa. Waliandika kwa Gavana, kwa Waziri wa Makoloni, kwa wajumbe wa Bunge la Uingereza, hata kwa Malkia. Wengi wa waandishi hao waliitaja sheria yenyewe, wakiuliza ni kifungu gani kinachoruhusu mambo waliyotendewa. Bw. Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiliwa tangu 1953 hadi 1960, alipigwa kwa sababu ya barua zake, naye akaandika tena; baadaye alikitoa kitabu juu ya maisha yale, mwaka 1963.

Barua hizo zilipofika London zilikuta watu wachache waliokuwa tayari kuzisoma. Mjumbe mmoja wa chama cha Labour, Bi. Barbara Castle, alikuja Kenya mwaka 1955 kuchungua habari ya mtu aliyekufa mikononi mwa polisi, na tangu siku hiyo hakuacha kuuliza maswali Bungeni. Walikuwako pia Wazungu waliofanya kazi ya serikali humu humu na dhamiri zao zikawashinda. Kanali Arthur Young, aliyeletwa mwaka 1954 kuwa mkuu wa polisi, alijiuzulu kabla ya mwaka huo kwisha, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuwashitaki watu wa serikali waliotenda maovu. Bi. Eileen Fletcher, wa dhehebu la Quaker, aliacha kazi yake ya kuwatunza waliozuiliwa, na mwaka 1956 akatangaza katika gazeti huko Uingereza kwamba aliona wasichana wadogo wamefungwa Kamiti. Serikali ilikana sehemu ya maneno yake, ikakubali sehemu. Mwaka 1957 wajumbe wa Msalaba Mwekundu kutoka Geneva waliruhusiwa kuzitembelea kambi. Mwezi wa Juni 1958 gazeti la Observer la London lilichapa barua ya wafungwa watano wa Lokitaung, huko Turkana, juu ya hali yao.

Kisha ikaja Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi hiyo iliyo karibu na Mto Tana, watu waliokataa kufanya kazi walipigwa na askari wa kambi kwa mpango uliokuwa umeandikwa kabla. Kumi na mmoja walikufa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Madaktari walipoipasua miili waliona alama za kupigwa, na hakimu aliyechunguza vifo hivyo akasema hivyo hadharani. Tazama tena: mara tu jambo lilipofika mbele ya hakimu, habari ya maji ilikwisha.

Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Bunge la Uingereza lilibishana juu ya Hola hata alfajiri. Hotuba iliyokumbukwa kuliko zote ni ya Bw. Enoch Powell, ambaye alikuwa wa chama cha serikali, wala hakujulikana baadaye kuwa rafiki wa watu weusi. Alisema kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki Uingereza na kipimo kingine Afrika. Serikali haikuanguka, na Waziri wa Makoloni hakujiuzulu. Lakini kambi zilifungwa moja baada ya moja, na tarehe 12 Januari 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa.

MKATABA WA ULAYA

Pana jambo moja ambalo watu wachache walilijua wakati ule. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutia sahihi Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, mwaka 1950. Mwezi wa Oktoba 1953 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mkataba huo utazihusu na nchi zake nyingi za ng'ambo, pamoja na Kenya. Kwa hiyo, kwa maandishi, mtu aliyefungiwa Thiba alikuwa na haki ile ile ya mtu wa London.

Mwaka 1954 Uingereza ikapeleka taarifa Strasbourg kwamba kwa sababu ya Hali ya Hatari baadhi ya haki hizo zingesimamishwa Kenya. Mkataba wakubali jambo hilo wakati wa vita au hatari kubwa. Lakini si haki zote ziwezazo kusimamishwa, na mojawapo isiyoweza kusimamishwa kamwe ni haki ya mtu kutoteswa. Je, mtu wa Embu angeweza kupeleka shauri lake Strasbourg? La. Uingereza ilikuwa haijakubali watu binafsi kupeleka mashauri huko. Ilikubali mwaka 1966, Kenya ilipokwisha kuwa Jamhuri. Ugiriki iliweza kuishitaki Uingereza kwa mambo ya Cyprus mwaka 1956, kwa kuwa ilikuwa serikali, nayo iliwahesabu watu wa Cyprus kuwa ndugu zake. Waembu na Wameru hawakuwa na serikali ya kuwasemea. Walikuwa na barua tu.

BAADA YA BENDERA KUBADILIKA

Wengine watasema kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakoloni nayo yamepita. Ni kweli kwamba wakoloni wamepita. Amri yao ya kuzuia ilibaki. Mwaka 1966 Bunge la Kenya huru lilibadili katiba na sheria ya usalama wa umma, Rais akapata uwezo wa kumzuia mtu pasipo kesi. Kenyatta, aliyejua kizuizi kwa mwili wake mwenyewe, aliitumia sheria hiyo. Oginga Odinga alizuiliwa mwaka 1969, na mwandishi Ngugi wa Thiong'o Desemba 1977. Uwezo wa majimbo kujiendeshea mambo yao, uliotolewa na katiba ya 1963, ulikuwa umekwisha kuondolewa baada ya mwaka mmoja tu. Chini ya Rais Moi waliozuiliwa waliongezeka, na tangu 1986 watu wengi walioshukiwa kuwa wa chama cha siri cha Mwakenya waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, kisha wakapelekwa mahakamani jioni, wakiwa wamekwisha kukubali makosa. Wazee wa Mwea wangeufahamu mpango huo mara moja.

Na tena barua zikatoka. Amnesty International ilichapisha taarifa yake juu ya mateso hayo mwaka 1987, kwa maneno yaliyotoka kwa wafungwa na jamaa zao. Wakili mmoja wa Meru, Bw. Gitobu Imanyara, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Imenti ya Kati, alianzisha gazeti la sheria, Nairobi Law Monthly, akachapa humo mambo ambayo wengine walinong'ona. Alikamatwa mwaka 1990 na tena mwaka 1991, na mwaka huo wa pili chama cha wenye magazeti wa dunia kilimpa tuzo yake ya Kalamu ya Dhahabu. Novemba 1991 nchi zilizokuwa zikiisaidia Kenya kwa fedha zilikutana Paris, zikasimamisha msaada mpya kwa miezi sita. Desemba ile ile kifungu cha katiba kilichokataza vyama vingi kikafutwa. Tusidanganyike kwamba nchi hizo zilifanya hivyo kwa upendo tu. Kwa miaka mingi, wakati wa ushindani na Urusi, zilikuwa zimejua na kunyamaza. Hata hivyo zilipoacha kunyamaza, maneno ya kutumia zilikuwa nayo tayari, kwa kuwa Wakenya walikuwa wamekwisha kuyaandika.

Mwaka 1997 Bunge liliondoa katika sheria uwezo wa kuzuia mtu pasipo kesi. Katiba ya 27 Agosti 2010 ikakaza zaidi: mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zimeishia siku isiyo ya mahakama; na hali ya hatari ikitangazwa, isizidi siku 14 ila kwa kura za theluthi mbili za Bunge. Siku kumi na nne! Ile ya Baring iliendelea zaidi ya miaka saba.

Habari ya Mwea nayo ilirudi. Kabla ya uhuru Waingereza waliondoa Kenya majalada yapata 1,500, wakayaficha Uingereza, na Kenya ilipoyaomba haikupewa. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishitaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso ya kambini, na kesi hiyo ndiyo iliyoyafichua majalada mwaka 2011. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake Bungeni, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walioshitaki baadaye walishindwa mwaka 2018, kwa sababu muda uliopita ulikuwa mrefu mno. Wengi walikuwa wazee sana, na baadhi walikufa wakingoja.

KIJANA WA EMBU

Mwezi wa Desemba 2024 kijana mmoja alichukuliwa katika mji wa Embu na watu wasiovaa sare za polisi. Ilisemwa kwamba alitangaza picha za kumdhihaki Rais. Hakupelekwa kituoni wala mahakamani, na jamaa zake hawakuambiwa aliko. Hakuwa peke yake. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu watu 82 waliochukuliwa hivyo tangu Juni mwaka huo, wakati vijana walipoandamana kwa ajili ya kodi. Watu wa Embu waliingia barabarani kumdai mtoto wao, mawakili wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, na mabalozi na wachungaji wa haki za binadamu wakaeleza wasiwasi wao. Mwanzoni mwa Januari 2025 kijana alirudi nyumbani, na wengine kadha pamoja naye.

Jambo hili latofautiana na la 1954 kwa namna moja ya kuhuzunisha: wakati ule ilikuwako walau amri yenye sahihi. Safari hii hapakuwa na karatasi yoyote, wala ofisa wa kukiri kwamba ndiye aliyemchukua.

Wasomaji wengine wametaka kujua jamaa wa mtu aliyechukuliwa afanye nini. Ombi liitwalo kwa Kilatini habeas corpus, maana yake "mlete mtu," hupelekwa Mahakama Kuu, nayo humwamuru anayemshika mtu huyo amlete na kueleza ni kwa sheria gani anamshika. Haki hii ni miongoni mwa zile chache ambazo Katiba yakataza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Mwombaji si lazima awe mzazi wala ndugu. Mtu yeyote aweza kuomba kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kujiombea. Ada ya kufungua shauri haitozwi. Na Katiba, katika kifungu cha 22, yasema kwamba ikiwa lazima mahakama itapokea ombi hata kama halikuandikwa kwa utaratibu wa kisheria, yaani hata likiwa ni barua tu. Mahakama Kuu ina majaji Embu na Meru, na mtu wa Kangeta aweza kupanda gari asubuhi, akaifikisha barua yake Meru kabla ya saa sita za mchana.